Kwenye bajeti ya medali, mwalimu yuko mstari wa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi walimu wa ngumi za ridhaa tumekuwa tukilisema wenyewe kwa wenyewe pembeni ya ulingo, miaka nenda miaka rudi, bila kuwafikia wenye uamuzi. Kila zinapotangazwa fedha za kuandaa timu ya taifa ya mchezo wowote, naisoma taarifa mpaka mstari wa mwisho nikimtafuta mwalimu. Nakuta tiketi za ndege, posho za wachezaji, posho za viongozi, jezi, hoteli, na hafla ya kukabidhi bendera. Aliyemlea yule mchezaji tangu hajui kukunja ngumi simwoni. Hayumo kwenye hotuba, na kinachoniuma zaidi, hayumo kwenye hesabu.

Mimi ni fundi wa sofa hapa Keko. Mchana niko karakana, jioni nafundisha ngumi kwenye eneo la wazi lililo nyuma yake, kwa hisani ya mzee mwenye kiwanja. Mabegi ya kupigia nimeyashona mwenyewe kwa turubai. Ndani nashindilia nguo za mitumba zilizochakaa, nazikunja na kuzigonga kwa mti mpaka zishikane, kisha pembeni nazungushia vipande vya sponji vinavyobaki kwenye sofa. Sponji peke yake haina uzito, na mchanga hutua chini ukawa jiwe, kijana akipiga vibaya anavunjika kifundo cha mkono. Bandeji tunachana shuka kuukuu. Glovu ikipasuka, fundi viatu wa pale barabarani anaishona kwa uzi wa kushonea raba. Mizani ya kupimia uzito tunaazima zahanati ya jirani. Katika eneo hilo wamepita vijana waliofika timu ya mkoa, na baadhi yao wakaitwa kambi ya taifa. Walimu wa namna yangu wapo Manzese, Mabibo, Mbagala, Tandale, na wengi wao wananizidi ujuzi.

Tusidharau kilichotoka huko. Mwaka 2022 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, Tanzania ilirudi na medali 3. Moja ilikuwa fedha ya Alphonce Simbu kwenye marathoni. Nyingine 2 zilikuwa shaba za ulingoni, za Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Miaka 24 kabla ya hapo, Kuala Lumpur 1998, Michael Yombayomba alituletea dhahabu ya ngumi kwenye michezo hiyohiyo. Lakini kwenye Olimpiki, tangu Selemani Kidunda apande ulingoni London 2012, hatujapeleka bondia Rio, wala Tokyo, wala Paris. Paris tulikwenda na wanamichezo 7: wanne wa marathoni, wawili waogeleaji, mmoja wa judo. Medali zetu zote za Olimpiki mpaka leo ni zile 2 za fedha za Moscow 1980, ya Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto wanaopiga kura.

Niliwahi kukaa kwenye uongozi wa ngumi ngazi ya wilaya, kwa hiyo njia ya fedha naijua kwa ndani. Chama cha mchezo usio mpira wa miguu hakina mapato ya maana. Kuna ada za uanachama, nyingi zikilipwa kwa kusukumana, na kuna viingilio vya mashindano ambavyo mara nyingi havitoshi hata kukodi ulingo. Fedha yenye uzito inakuja kwa jambo moja tu, nalo ni safari. Mashindano yakikaribia, chama kinaandika andiko na kulipeleka Serikalini, kwa wafadhili, kwa kampuni, popote penye mlango. Andiko hilo lina tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, na kila shilingi inahesabiwa kati ya tarehe hizo mbili. Mazoezi ya miaka 4 iliyotangulia hayana tarehe ya kuondoka, basi hayana andiko, na kisicho na andiko hakipati fedha. Ndiyo maana timu zinaingia kambini wiki chache kabla ya ndege kuruka. Tumeshaipa hali hiyo jina, maandalizi ya zimamoto, tukaizoea.

Safari ikishakuwa chanzo pekee cha fedha, inakuwa pia zawadi pekee ya kugawa. Viongozi wa vyama huchaguliwa na wajumbe wa mikoa. Mjumbe hana mshahara, ana matumaini ya siku moja kuwemo kwenye msafara. Mwalimu wa klabu ya mtaani hana kura, kwa hiyo nafasi zikipungua ndiye anayekatwa wa kwanza. Nimefanya kazi na viongozi waliotoa fedha mfukoni mwao kuwalipia vijana nauli, na sitaki mtu asome barua hii akadhani nawaita wote wezi. Utaratibu wenyewe unamsukuma hata mtu mwema amwache mwalimu nyuma. Kwenye soka angalau makocha wana chama chao, TAFCA, ambacho ni mwanachama wa TFF na kina sauti kwenye mkutano mkuu. Mimi na wenzangu wa klabu za mitaani hatuna pa kusemea.

Huenda msomaji ambaye hajawahi kukaa kona ya bondia akaona ni ugomvi wa nani apande ndege. Naomba nimweleze dakika moja. Pambano la ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, na kati ya raundi na raundi kuna dakika 1 ya kupumzika. Katika sekunde hizo 60 bondia anarudi kona, unamkalisha, unamtoa kinga ya meno na kuisuuza, unamfuta jasho, unampa maji asukutue, unamwangalia macho kama yametulia. Zinabaki sekunde kama 20 za kuzungumza, naye masikio yamejaa kelele za watu na moyo wake mwenyewe. Huwezi kumpa somo pale. Unaweza kumpa neno moja, na neno hilo lazima mwili wake uwe umeshalizoea mazoezini mpaka unalitii bila kufikiri. Nina kijana ambaye mkono wake wa kulia ukichoka unashuka kidogo, upana wa vidole viwili tu, na mwenyewe hajui kama umeshuka. Kwetu tunamwambia "simu!" Basi. Mkono unapanda wenyewe mpaka sikioni.

Kijana huyo aliitwa kwenye timu iliyokwenda mashindano nje ya nchi. Mwaka, mji na waliohusika nawaacha, maana sina haja ya kumwaibisha mtu. Nilipouliza nani atakaa kona yake, nilijibiwa kwa upole kabisa: "Mzee wangu, bajeti ya mwalimu imeshajaa. Usijali, huko atapata mtu." Alipata mtu. Walikutana uwanja wa ndege. Pambano nililifuatilia kwenye simu, picha zikikwama na kuachia, na raundi ya pili nikauona mkono umeshuka. Aliyekuwa kona alimwambia mengi, na naamini yote yalikuwa sahihi kwa bondia yeyote. Alipoteza kwa pointi. Aliporudi alikuja karakana kabla hajafika kwao, akanishika mkono akasema, "Mwalimu, nilikuwa naitafuta sauti yako." Tangu siku ile siwezi kukaa kimya mtu anaposema kocha yeyote atatosha.

Najua kona ya kimataifa haikaliwi na kila mtu. Shirikisho la kimataifa liliweka ngazi za nyota kwa makocha, kuanzia nyota 1 hadi nyota 3, na asiye na cheti hapewi kitambulisho cha kukaa kona. Naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Kichwa cha mtoto wa mtu hakipaswi kuachwa mikononi mwa mbabaishaji. Lakini kozi ina ada, ina nauli, na ina siku za kufunga karakana wakati nyumbani wanasubiri unga. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kupitia mpango wake wa Mshikamano wa Olimpiki, ilitenga dola milioni 590 kwa miaka 2021 hadi 2024 kwa ajili ya kamati za olimpiki za nchi zote, na ndani ya mpango huo kuna kozi za makocha na ufadhili wa masomo ya ukocha. Naomba kila nafasi ya namna hiyo inayoifikia Tanzania itangazwe gazetini na ibandikwe kwa ofisa michezo wa kila wilaya, na baadaye litangazwe jina la aliyeipata na klabu anayofundisha.

Kuna jambo lilitokea kabla ya Paris 2024 ambalo huku kwetu halikuzungumzwa vya kutosha. Shirikisho la kimataifa la ngumi, IBA, ambalo zamani liliitwa AIBA, lilisimamishwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2019 na kufutiwa utambuzi Juni 2023, kwa sababu ya utawala wake, fedha zake, na mashaka juu ya waamuzi wake. Uchunguzi huru uliotolewa 2021 ulionyesha kulikuwa na mtandao wa kupanga matokeo ya mapambano kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Ngumi za Tokyo na za Paris zikaendeshwa na watu wengine. Mchezo wetu ulining'inia kwa muda mrefu, mpaka Machi 2025 ndipo uliporudishwa rasmi kwenye ratiba ya Los Angeles 2028, baada ya shirikisho jipya, World Boxing, kupewa utambuzi wa muda. Vijana wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kumwona kiongozi yeyote wa dunia walikaribia kupoteza Olimpiki yao kwa sababu ya vitabu vya hesabu vya ofisi iliyoko Ulaya. Anayesema utawala bora ni mambo ya semina aliangalie hilo.

Sasa, ni IBA hiyohiyo iliyotangaza zawadi zake yenyewe kwa mabondia wa Paris. Dhahabu iliwekewa dola 100,000, zikagawanywa hivi: nusu ya bondia, robo ya shirikisho la nchi yake, robo ya kocha wake. World Athletics, ambayo heshima yake duniani haina mfano na ile ya IBA, iliweka dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha Paris, zote za mwanariadha. Siitetei IBA hata kidogo, na shirikisho lisiloeleza fedha zake zinatoka wapi halifai kukabidhiwa watoto wetu. Lakini ile robo haijanitoka kichwani. Ilionyesha kuwa mtu anaweza kumwandika kocha kwenye karatasi ya fedha kwa kiwango kinachojulikana kabla pambano halijapigwa. Ufilipino wamekwenda mbali zaidi, wana sheria ya nchi, Na. 10699, inayompa kocha wa mshindi wa medali kiasi kilicho sawa na nusu ya zawadi ya mwanamichezo wake. India ina Tuzo ya Dronacharya, tuzo ya taifa ya makocha, tangu 1985.

Hapa nyumbani tumejifunza kushangilia na kutoa, na ni jambo jema. Rais Samia alipoanza mwaka 2023 kununua mabao ya Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, Sh milioni 5 kwa bao, baadaye Sh milioni 10, Temeke tulifurahi sana. Kelele za Uwanja wa Mkapa tunazisikia tukiwa karakana, hatuhitaji redio. Motisha ile ilifanya kazi yake. Ila motisha inalipwa bao likishaingia wavuni, na ngumi, riadha, judo na kuogelea zinahitaji fedha ya miaka ambayo hakuna bao.

Mfano ulio wazi ni Simbu mwenyewe. Septemba 15, 2025 alishinda marathoni ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, muda mmoja na Amanal Petros wa Ujerumani, wakitofautiana kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983, na siku ile nyundo zote Keko zilinyamaza tukiangalia marudio. Zawadi zilizomfuata ni haki yake, na kama zingeongezwa ningeshangilia. Lakini tazama njia aliyopita. Alikuwa wa 5 Rio 2016, akachukua shaba ya mashindano ya dunia London 2017, akawa wa 7 kwenye Olimpiki ya Tokyo, wa 17 Paris, wa 2 Boston mwezi Aprili 2025. Kutoka shaba ile hadi dhahabu ni miaka 8. Mwanariadha asiye na mshahara asingeifikia. Angekuwa ameshakuwa dereva wa bodaboda. Simbu ni askari wa JWTZ, na mwisho wa mwezi kulikuwa na kitu kinaingia.

Hilo tuliseme bila kificho: JWTZ, JKT, Magereza na Polisi ndio waliobeba riadha na ngumi za ridhaa za nchi hii. Bondia akichukuliwa kikosini anapata mshahara, matibabu na ruhusa ya mazoezi, na mwalimu wa kikosini naye ni mwajiriwa mwenye pensheni. Navipongeza vikosi, na wanafunzi wangu kadhaa wako huko. Lakini kikosi hakimchukui mtoto wa miaka 13. Kinamchukua akishakuwa na ngumi, na ile ngumi imetengenezwa mtaani kwa miaka 5 au 6 na mtu ambaye hakuna aliyemlipa. Siku kijana anapoajiriwa, mwalimu wake wa kwanza anafutika. Akikataa jeshi, promota wa ngumi za kulipwa anamsubiri mlangoni na mkataba wa karatasi moja, na pale napo mwalimu anafutika. Sidai watoto wetu wafungwe kamba. Nadai kazi iliyofanyika iandikwe kwamba ilifanyika, na iwe na malipo yake.

Uingereza ilirudi kutoka Atlanta 1996 na dhahabu 1 tu. Kuanzia 1997 wakaelekeza fedha za bahati nasibu ya taifa kwa wanamichezo wa juu na walimu wao, mwaka mzima, mwaka hadi mwaka, hata kama hakuna mashindano karibu. London 2012 wakapata dhahabu 29. Najua nitaambiwa Uingereza ni tajiri. Mwaka 1996 pia walikuwa matajiri.

Nasi chanzo cha fedha tunacho. Serikali ilishaamua sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ulio chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Nauunga mkono uamuzi huo. Kutoka karakana kwangu mpaka kituo cha daladala kuna vibanda vya kubeti, na vijana ambao mikeka yao inachanika Jumapili usiku ndio wanaonijia Jumatatu jioni wametembea kwa miguu kwa kukosa nauli. Fedha ya mfuko ule imetoka mifukoni mwao. Wana haki ya kuona sehemu yake ikirudi kwenye eneo wanakofanyia mazoezi, na njia nyepesi ya kuirudisha ni kumlipa anayewafundisha.

Naomba nizungumzie pia upande ambao walimu wenzangu hawatapenda. Malipo lazima yaje na mkataba, na mkataba lazima uje na kuwajibika. Mwaka huu baba mmoja wa Mtoni alimleta binti yake wa miaka 15 ajifunze ngumi. Alikaa kwenye benchi akaangalia mazoezi mpaka mwisho, kisha akanivuta pembeni akasema kwa adabu: "Mwalimu, samahani, usinielewe vibaya. Wewe nani anakufahamu?" Nilikuwa na majibu ya kawaida, kwamba mtaa mzima unanifahamu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ananifahamu. Lakini alichouliza ni kama kuna ofisi ambayo binti yake akifanyiwa ubaya inaweza kunifungia kufundisha. Hakuna. Mwalimu asiyelipwa na yeyote hasimamiwi na yeyote. Hata hao Waingereza niliowasifu waliumbuka kwenye jimnastiki: uchunguzi wa Whyte, uliotolewa 2022, ulionyesha watoto wakinyanyaswa na makocha wao huku shirikisho likitanguliza medali na kuacha kuwasikiliza. Kwa hiyo nataka nisajiliwe, nichunguzwe polisi, niwe na cheti cha huduma ya kwanza, na jina langu liwe kwenye orodha ambayo baba yule anaweza kuisoma. Nikikosea, nifutwe. Lakini hakuna atakayepata nguvu ya kumfuta mtu ambaye hajawahi kumwandika.

Kuhusu timu ya taifa ya soka sitasema mengi, wanaoiandikia ni wengi. Nikumbushe tu kuwa Novemba 2024 Taifa Stars ilifuzu AFCON kwa kuifunga Guinea 1-0 Uwanja wa Mkapa, mwalimu akiwa Mtanzania, Hemed Suleiman "Morocco". Mwaka mmoja baadaye, wiki chache kabla ya fainali zenyewe, ilitangazwa kuwa pande mbili zimekubaliana kuachana, na timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina. Sina neno baya juu ya Gamondi, ni mwalimu mkubwa. Lakini vijana wanaosomea ukocha, pamoja na wale wa Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, walisoma habari ile kama mimi nilivyoisoma: Mtanzania anaweza kuipanda ngazi yote, na kwenye kidaraja cha mwisho akaitiwa mtu. Mkataba ulioandikwa vizuri, unaosema mwalimu aliyefuzisha timu ataiongoza kwenye fainali isipokuwa kwa sababu zilizotajwa, ungemlinda yeye na ungelilinda shirikisho na maneno ya watu.

Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967 na ndilo linalosimamia vyama vya michezo. Halihitaji sheria mpya ili kuweka sharti kwenye fedha inayotoka mfukoni mwake. Sharti ninaloliomba ni hili: chama kinapoomba fedha ya timu, kiambatanishe mkataba wa mwalimu mwenye jina, unaoanza angalau mwaka mmoja kabla ya safari na kutaja malipo yake ya kila mwezi, hata yakiwa madogo. Bila mkataba huo, andiko lirudishwe. Kwenye orodha ya msafara, mwalimu wa mchezaji atangulie kiongozi yeyote asiye na kazi ya kiufundi, na orodha hiyo itolewe kwa umma kabla ya bendera kukabidhiwa. Mchezaji akipata zawadi ya Serikali, sehemu inayojulikana iende kwa mwalimu wake wa sasa na sehemu nyingine kwa klabu iliyomlea, bila kugusa ya kwake. Na hesabu za kila chama kinachopokea fedha ya umma zichapishwe kila mwaka kwa lugha ambayo fundi wa sofa anaweza kuisoma.

Nimesikia hoja kuwa fedha haitoshi kulipa walimu wa nchi nzima. Hakuna anayeomba nchi nzima. Tuanze na michezo ambayo imeshatuletea medali, na walimu ambao wanafunzi wao wameshaitwa timu ya taifa katika miaka 4 iliyopita. Orodha hiyo ni fupi, na vyama vinayo, kwa sababu kila fomu ya kambi ina sehemu ya kuandika klabu anakotoka mchezaji. Mtu akae nazo siku 2 atapata majina. Nimeshawahi kuzijaza fomu hizo mwenyewe.

Los Angeles itaanza Julai 2028, na mashindano ya kufuzu yatakuja kabla yake. Bondia atakayetuwakilisha yupo tayari, pengine ni askari kikosini, pengine bado ni mwanafunzi wa kidato cha tatu anayechana shuka kupata bandeji. Mwalimu wake naye yupo. Kama Mfuko umeshaanza kumlipa mwalimu yeyote wa mchezo wowote hapa Dar es Salaam kwa kazi ya mwezi hadi mwezi, naomba wahusika watupe jina lake na klabu yake kupitia gazeti hili. Na kama hajaanza kulipwa mtu, watuambie bajeti ijayo itaanza na nani.

Ni mimi,
Mwalimu wa ngumi za ridhaa,
Keko, Temeke, Dar es Salaam